Mcheza Kwao Hutunzwa, Hata Akifungwa

Swali: "Mdogo wangu wa kike yuko Sacramento, California, tangu 2011. Ni muuguzi, hela yake ni ya jasho, lakini kila mwaka ananunua tiketi ya msimu mzima ya Sacramento Kings, timu ya kikapu ya ligi kuu ya Marekani, NBA. Mimi ni mtu wa Lakers, wale wa Los Angeles, tangu enzi za Kobe, na nimemcheka mpaka nimechoka. Tangu timu hiyo ihamie pale haijatwaa ubingwa hata mara moja, na iliwahi kukaa misimu 16 bila kuingia hatua ya mtoano. Golden State wa San Francisco hawako mbali kwa gari, na wana makombe manne ya juzijuzi tu. Kwa nini hahami? Nikimuuliza anasema 'ni timu yetu', basi. Hiyo ni sababu au ni ukaidi? Na mbona hapa Mombasa tuna KPA, timu ya mamlaka ya bandari, wanacheza kikapu kizuri, lakini sioni mtu akiugua ugonjwa huo?" *Msomaji, Mombasa*

Jibu: Ndugu yangu, nianze na wewe kabla sijamgusa mdogo wako. Lakers uliwapenda kupitia televisheni, wakiwa na Kobe Bryant, na enzi zake zilileta makombe matano: 2000, 2001, 2002, 2009 na 2010. Ni mwanzo halali wa mapenzi, sina neno nao. Ila mapenzi yaliyoanza na kombe huwa na tabia ya kuulizia kombe kila baada ya muda, na ndiyo maana unamuuliza mwenzio swali ambalo kwake halina kichwa wala miguu: mbona hauendi kwa wanaoshinda?

Jibu langu kwa kifupi ni kwamba anabaki kwa sababu kubaki kwa watu kama yeye kumewahi kuonekana kuna maana. Timu inayokufurahisha utaiacha siku itakapoacha kukufurahisha. Iliyowahi kukuhitaji, ukaitikia, ikabaki, hiyo kuiacha ni kazi. Na yeye kwa bahati, au kwa balaa, alifika Sacramento mwaka uleule timu ilipokuwa imeshafungasha mizigo.

Wanasaikolojia wamelizungumza suala hili kwa miaka mingi, na utafiti wao wa kwanza unaojulikana sana ungekupa wewe ushindi. Mwaka 1976 Robert Cialdini na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya katika vyuo vikuu kadhaa vya Marekani. Walichofanya ni kuhesabu nguo. Jumatatu iliyofuata ushindi wa timu ya chuo, ile ya futiboli ya Kimarekani, wanafunzi wengi zaidi walikuja darasani na fulana zenye jina la chuo chao kuliko Jumatatu iliyofuata kipigo. Miaka kumi baadaye watafiti wengine wakaonyesha upande wa pili: kundi likishindwa, watu hujisogeza pembeni wasionekane nalo. Binadamu hupenda kuota jua la mwenziwe. Mpaka hapo mdogo wako anaonekana mtu wa ajabu.

Lakini mwaka 1990 Daniel Wann na Nyla Branscombe waliwatenganisha mashabiki kwa kiwango ambacho timu imeingia katika namna wanavyojitambua. Wale ambao timu ni burudani tu kwao walifanya kama wanafunzi wa Cialdini, kuvaa na kuvua. Wale ambao timu imeshakuwa sehemu ya jibu la swali "wewe ni nani" hawakuvua. Kwao kufungwa ni msiba wa nyumbani, na msiba wa nyumbani hauhamwi. Wann, ambaye amefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Murray State huko Kentucky, aliendelea kulifuatilia jambo hili na kukuta kitu kinachokuhusu wewe moja kwa moja: kushikamana na timu ya mahali unapoishi kunaambatana na upweke mdogo na uhusiano mzuri zaidi na watu wanaokuzunguka, ilhali kwa timu ya mbali uhusiano huo ni dhaifu. Sababu anayoitoa ni ya kawaida sana. Timu ya mjini kwako inakukutanisha na watu bila miadi. Unavaa jezi, unaingia dukani, mtu usiyemjua anakuuliza umeonaje jana. Sasa mfikirie muuguzi aliyetoka Mombasa, zamu za usiku, majirani asiowajua majina. Lakers wako wanakupa mchezo mzuri saa tisa za usiku ukiwa peke yako na simu yako. Kings wanampa yeye jibu la kumpa mgonjwa anayemuuliza "jana vipi?"

Nisiishie kwenye saikolojia, maana inaeleza kwa nini mtu yeyote apende timu yoyote ya karibu. Haielezi Sacramento.

Kings hawakuzaliwa pale. Walianzia Rochester, jimbo la New York, wakiitwa Royals, na huko ndiko walikochukua ubingwa wao pekee wa NBA, mwaka 1951. Mwaka 1957 wakahamia Cincinnati. Mwaka 1972 wakaenda Kansas City, wakawa wanacheza Omaha pia. Mwaka 1985 wakatua Sacramento. Kwa historia hiyo ungetarajia wenyeji wawapokee kama mpangaji mwenye sifa ya kuhama usiku. Badala yake waliujaza ukumbi wa muda wenye viti 10,333 mechi baada ya mechi, na mwaka 1988 walipopewa ukumbi mpya wenye viti zaidi ya 16,000 wakaujaza nao.

Walikuwa wanaangalia nini? Kwa sehemu kubwa, kipigo. Msimu wa 1990–91 ndio ninaoupenda kuliko yote katika historia ya timu hii, na haumo katika orodha ya misimu mizuri ya mtu yeyote. Kings walishinda mechi 25 kati ya 82. Ukizigawa hizo 25 ndipo unapoona maajabu: nyumbani walishinda 24 na kufungwa 17, ugenini walishinda moja na kufungwa 40. Ukiunganisha na mwanzo wa msimu uliofuata, walifungwa ugenini mara 43 mfululizo, rekodi ambayo NBA haikuwa imewahi kuiona. Wachezaji walewale, kocha yuleyule. Wakiwa Sacramento wanashinda zaidi ya wanavyofungwa. Wakipanda ndege wanazikwa.

Mtaalamu atakutajia uchovu wa safari, kulala hotelini, marefa wanaoelemewa na kelele bila wenyewe kujua. Yote yana ukweli, na kihistoria timu ya nyumbani katika NBA ilikuwa ikishinda karibu mara sita katika kila mechi kumi. Lakini tofauti ya 24 kwa 1 haikuhitaji mtaalamu kule Sacramento. Mtu aliyekaa kwenye kiti chake usiku ule alitoka akiamini kwamba bila yeye timu haishindi. Unaweza kumwambia anajidanganya. Takwimu za msimu huo zilikuwa upande wake.

Klabu yenyewe iliwaunga mkono katika imani hiyo. Jezi namba 6 ya Kings imestaafishwa na kutundikwa juu ya uwanja kwa heshima ya mashabiki, maana uwanjani huingia watano na wa sita ni wao. Sentensi hiyo ingekuwa porojo ya idara ya masoko mahali pengine. Pale ilikuwa na ushahidi.

Kuna jambo la jiografia pia. Sacramento ni makao makuu ya jimbo la California, lakini nje ya jimbo watu wanaijua Los Angeles, wanaijua San Francisco, na wengi hudhani mojawapo ya hizo ndiyo makao makuu. Kwa karibu miaka 40, ukihesabu ile michezo minne mikubwa ya Marekani, Kings walikuwa timu pekee ya ngazi ya juu mjini humo. Phil Jackson, akiwa kocha wa hao Lakers wako, aliwahi kuudhihaki mji huo kuwa ni wa washamba wa ng'ombe. Mashabiki hawakukanusha. Walikwenda kununua kengele za ng'ombe, wakaja nazo ukumbini, wakawa wanazigonga nyuma ya benchi la Lakers. Mtu akikutukana kwa pamoja na jirani yako, siku hiyo jirani anakuwa ndugu.

Na hapo ndipo tunafika 2002, ambako nadhani ndiko uliko mgogoro wako na mdogo wako hata kama hamjawahi kuutaja. Msimu huo Kings walikuwa na Chris Webber, Vlade Divac, Peja Stojaković, Mike Bibby na Doug Christie. Walishinda mechi 61, zaidi ya timu yoyote katika ligi. Kwenye fainali ya Kanda ya Magharibi walikutana na Lakers. Mechi ya nne waliongoza kwa pointi 24 kipindi cha kwanza, wakapoteza kwa pointi moja baada ya mpira kumdondokea Robert Horry nje ya mstari wa tatu muda ukiisha. Mechi ya sita, robo ya mwisho peke yake, Lakers walipewa mitupo huru 27. Mtajie namba hiyo mtu yeyote wa Sacramento mwenye zaidi ya miaka 35, kisha kaa uandae kahawa. Mechi ya saba ilikwenda muda wa nyongeza, nyumbani kwao, na Lakers wakashinda 112 kwa 106, kisha wakaenda kubeba kombe.

Mimi nimeitazama tena mechi hiyo ya saba. Kings walitupa mitupo huru 30, wakakosa 14. Hakuna refa aliyewazuia. Ajabu ni kwamba hii 14 haitajwi, ile 27 ndiyo inayorithishwa watoto. Sisemi hivyo kuwadhihaki. Watu waliodhulumiwa pamoja, au wanaoamini wamedhulumiwa pamoja, wana kitu cha kusimuliana ambacho mabingwa hawana. Ubingwa unaelezwa kwa dakika tano. Dhuluma haiishi kuelezwa, kila mtu ana angalizo lake, kila mtu alikuwa amekaa mahali fulani siku ile. Mdogo wako hakuwepo 2002, lakini ameshasimuliwa mara nyingi kiasi kwamba sasa ni yake. Wewe 2002 ulisherehekea. Ndiyo maana utani wako kwake haumwingii kama utani.

Baada ya hapo, kiza. Mtoano wa mwisho ulikuwa 2006. Msimu wa 2008–09 walishinda mechi 17 kati ya 82. Na hapa nisikupambe: viti vilibaki vitupu. Watu waliacha kwenda. Anayekwambia mashabiki wa kweli hujaza ukumbi hata iweje anakuuzia kitu. Walikuwa wanawaona wamiliki wa wakati huo, familia ya Maloof, wakiishiwa hela na hamu, na mazungumzo ya ukumbi mpya yakifa moja baada ya jingine. Mtu anaweza kuacha kununua tiketi bila kuacha timu, na tofauti hiyo ilionekana mwaka 2011.

Mwaka huo familia ya Maloof ilikuwa mbioni kuihamishia timu Anaheim, kusini mwa California. Tarehe 13 Aprili 2011 ikachezwa mechi ambayo karibu kila mtu aliamini ndiyo ya mwisho Sacramento, na ratiba, kwa ukatili wake, iliwaleta Lakers. Kings walikuwa nyuma sana, wakarudi, wakalazimisha muda wa nyongeza, wakafungwa 116 kwa 108. Mechi ikaisha, watu hawakutoka. Walikaa kwenye viti wakiimba kwamba hawaendi popote. Watangazaji wa televisheni walioitangaza timu hiyo kwa miaka walishindwa kumaliza sentensi zao kwa machozi, hewani. Timu iliyokuwa imeshinda mechi 24 msimu mzima ndiyo iliyokuwa ikililiwa hivyo.

Safari ya Anaheim ilikwama. Mwanzoni mwa 2013 likaja jingine kubwa zaidi: wamiliki walikubaliana kuiuza timu kwa kundi la Seattle lililokuwa na fedha nyingi. Meya wa Sacramento wakati huo alikuwa Kevin Johnson, mzaliwa wa mji huo na mchezaji wa zamani wa Phoenix Suns. Alizunguka kutafuta wanunuzi wengine, akasukuma mpango wa ukumbi mpya katikati ya mji. Mashabiki nao walipanga maandamano, na maelfu wakaahidi kununua tiketi za msimu endapo timu ingebaki, timu ambayo wakati huo haikuwa na la maana la kuwaonyesha uwanjani. Mei 2013 wamiliki wa timu za NBA walipiga kura: 22 walikataa timu ihamishwe, 8 walitaka iende. Kundi la Vivek Ranadivé likainunua kwa thamani ya dola milioni 534.

Je, ni mashabiki waliookoa timu? Mimi nasema sehemu. NBA ilitaka ukumbi mpya, na jiji lilikubali kuchangia dola zaidi ya milioni 250, sehemu kubwa kwa kukopa dhidi ya mapato ya maegesho ya magari. Bila fedha hizo kilio kisingetosha, na Seattle ndiyo ushahidi. Seattle walikuwa na SuperSonics kwa miaka 41, wakachukua ubingwa 1979, mapenzi yao hayakuwa madogo hata kidogo. Serikali za huko zilikataa kulipia ukumbi, na 2008 timu ikahamishwa Oklahoma City. Kura iliyowafurahisha watu wa Sacramento 2013 iliwanyima Seattle timu kwa mara nyingine. Na timu iliyochukuliwa kutoka kwao, sasa ikiitwa Thunder, imetwaa ubingwa mwaka 2025. Jezi za kijani na njano za SuperSonics bado zinauzwa na kuvaliwa mjini Seattle, na watu hawa hawana hata timu ya kufungwa nayo.

Kwa hiyo uaminifu hauokoi timu kila mara. Ila Sacramento ulionekana kuokoa, na anayeamini kwamba alishika kamba akaizuia timu isiondoke haachi kamba kwa sababu ya msimu mbaya. Novemba 2013, miezi michache baada ya kura ile, mashabiki hao waliweka rekodi ya dunia ya kelele za watazamaji ndani ya ukumbi, desibeli 126. Walikuwa wakicheza na Detroit Pistons, mechi isiyokuwa na uzito wowote. Walikuwa wakishangilia kuwapo kwao wenyewe.

Kuna kisa kimoja ambacho watu wa Sacramento hukiruka wanapojisifu, na mimi hukitaja kila nikipata nafasi. Mji huo una ubingwa wa kikapu cha kulipwa. Uliletwa na Monarchs, timu ya wanawake ya WNBA, mwaka 2005. Mwaka 2009 wamiliki walewale waliiacha, haikupata mnunuzi, ikavunjwa. Hakukuwa na mji mzima uliokaa kwenye viti ukikataa kuondoka. Seattle, kwa kinyume chake, kundi la wanawake wafanyabiashara wa hapohapo liliinunua Storm mwaka 2008 ili isiondoke na SuperSonics, na Storm imeshachukua makombe zaidi tangu wakati huo. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya mji kuipenda timu yake, tuulize pia ni timu gani hiyo, maana mapenzi ya mji huchagua.

Turudi kwa mdogo wako. Msimu wa 2022–23 ndio aliolipwa. Chini ya kocha Mike Brown, na De'Aaron Fox na Domantas Sabonis uwanjani, Kings walishinda mechi 48 na kumaliza ukame wa misimu 16. Klabu ilifunga taa za leza za zambarau juu ya ukumbi, zinazowashwa kila ushindi na kuonekana mbali angani, na mji mzima ukawa unadai taa iwashwe. Ni kitu kidogo, ila kilifikiriwa vizuri sana: asiye na hela ya tiketi anatoka uani kwake anatazama juu, anajua matokeo. Mtoano wenyewe waliutoka raundi ya kwanza, mechi ya saba, nyumbani, Stephen Curry wa Golden State akiwafunga pointi 50. Hao ndio unaomshauri ahamie.

Na kisha yote yakamomonyoka tena. Desemba 2024 Brown akafukuzwa. Februari 2025 Fox akauzwa San Antonio. Aliyeshika timu baada ya Brown alikuwa Doug Christie, yuleyule wa 2002. Ukimpenda mchezaji, ligi hii itakuvunja moyo kila miaka mitatu, kwa kuwa wachezaji, makocha na hata wamiliki hupita. Kisichopita ni mji na watu wa safu ya kiti chako. Nina hakika ukimwuliza mdogo wako kwa nini habadilishi kiti, atakutajia mzee wa kushoto kwake kabla hajakutajia mchezaji.

Sasa, sababu au ukaidi? Wachumi watasema anafukuzia hela iliyokwisha potea: ameshatumia miaka mingi, hivyo anaona ataipoteza akiacha. Kuna ukweli humo na sitauficha. Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba alikuwa ananunua ushindi na ushindi haujafika. Kama alikuwa ananunua jioni 41 za msimu pamoja na watu anaowafahamu, bidhaa ilifika kila mara. Ninachomhofia ni kitu kingine. Wamiliki wanajua kwamba mtu wa aina yake haondoki, na mteja asiyeondoka hupandishiwa bei. Kama unataka kumsaidia, acha kumcheka na umuulize ametenga kiasi gani kwa mwaka, na kama anajua kwamba wengi hununua tiketi ya msimu kwa kugawana watu wawili au watatu, kila mmoja akachukua mechi zake. Mapenzi yanabaki palepale, gharama inapungua.

Swali lako la mwisho ndilo gumu, na nashukuru umeliuliza. KPA wana timu nzuri ya wanaume na ya wanawake, wana ukumbi wao Makande, wana historia. Kwa nini Mombasa haiugui?

Angalia timu hiyo ni ya nani na inaishi kwa nini. Ni timu ya mamlaka ya bandari. Bajeti inatoka bandarini. Makande ijae au iwe tupu, mishahara inalipwa na basi la kwenda Nairobi linaondoka. Hali ni hiyo kwa sehemu kubwa ya kikapu cha Afrika Mashariki: Ulinzi ya Kenya na APR ya Rwanda ni za jeshi, JKT ya Tanzania vilevile, REG ya Kigali ni ya shirika la umeme. Siwalaumu waajiri hao. Bila wao mchezo huu ungekuwa umekufa katika miji kadhaa. Lakini timu isiyokuhitaji haikupi nafasi ya kuihitajia nawe. Hujawahi kuombwa chochote na KPA, wala hujawahi kuogopa kuwa kesho utaamka imeondoka. Linganisha na Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 kule Dar es Salaam: zilikua kwa wanachama na michango yao, matawi ya mitaani, watu waliotoa cha mfukoni. Mjukuu wa mtu aliyechangia hahami.

Hali inabadilika kidogo. Nairobi City Thunder, klabu yenye jina la mji na isiyo idara ya mwajiri mkubwa wa serikali, ilifuzu ligi ya kikapu ya Afrika, BAL, mwaka 2025, timu ya kwanza ya Kenya kufika hapo. Kigali wana BK Arena ya viti takriban 10,000, iliyofunguliwa 2019, na ukiwahi kuingia mle siku ya mechi kubwa ya wenyeji hutauliza tena kama Waafrika wanapenda kikapu. Kulipa kiingilio, kukuta mechi imeanza saa iliyotangazwa, kutoka wakati daladala bado zipo: mambo haya madogo ndiyo hujenga mazoea, na mazoea hutangulia mapenzi.

KPA wakitaka, wangeanza na jambo moja tu: siku moja ya juma isiyobadilika ya kucheza Makande, ijulikane mji mzima kama inavyojulikana siku ya gulio. Wauze tiketi ya msimu kwa bei ya watu wa Changamwe na Mikindani, na fedha hiyo, hata iwe ndogo, itumike kwa kitu kinachoonekana, kwa mfano timu ya vijana, na watu waambiwe. Mtu aliyemlipia mtoto wa jirani viatu vya kuchezea atakuja kumtazama akicheza. Akifungwa atakuja tena.

Nawe anza mwenyewe, Makande si mbali na ulipo. Chukua mtu mmoja, kaeni upande uleule kila mara. Mkimaliza msimu, mpigie mdogo wako simu umweleze mlivyofungwa na Ulinzi na refa alivyowaonea, kisha sikiliza atakavyokucheka.